Ufundi sekondari: kipi kiliua michepuo ya zamani, na huu mkondo wa amali utafika wapi?

#1 MamaKihonda
Habari zenu wakuu.

Mwanangu kachaguliwa kuingia kidato cha kwanza kwenye shule yenye mkondo wa amali, yaani sekondari inayofundisha na ufundi, fani ya umeme. Fomu ya kujiunga inataka ovaroli, buti ngumu, testa, koleo na bisibisi, juu ya madaftari na sare za kawaida. Yeye kafurahi, kutwa anatembea na buti za baba yake sebuleni. Baba yake ndiye hataki kusikia. Anataka ahamishwe, asome Fizikia, Kemia na Baiolojia kama watoto wa jirani.

Lakini kilichonileta humu ni kikubwa kuliko mzozo wa nyumbani kwangu. Mama yangu alisoma mchepuo wa sayansikimu miaka ya 70. Kaka yangu alipita shule ya ufundi miaka ya 80. Wote waliambiwa haya haya tunayoambiwa leo, kwamba mtoto atatoka shule na kazi mikononi. Ilianza na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ikaja michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu, kisha taratibu vyote vikafifia. Shule aliyosoma kaka, karakana yake sasa ni stoo ya madawati mabovu, nimeiona kwa macho yangu.

Sasa tumeanza upya kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na kundi la kwanza la amali liliingia kidato cha kwanza Januari 2024. Naomba waliopita humo mniambie: ile ya kwanza iliuawa na nini hasa? Nikilijua hilo nitajua cha kumjibu mume wangu.

#2 Ngosha77
Mama, mhamishe mapema. Amali ni ya waliofeli. Akiingia huko kidato cha tano asahau, ni VETA moja kwa moja, vyuo vya ufundi stadi, na VETA tangu ianzishwe 1975 haijawahi kutoa injinia.

#3 MwlKarakana
Ngosha77, mistari miwili umekosea mara nne, acha nirekebishe ili mama asipotee.

VETA imeanzishwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994. Kabla ya hapo mafunzo ya ufundi stadi yalikuwa chini ya wizara ya kazi. Hiyo 1975 yako ni ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile vilivyoanza kwa msaada wa Sweden. Mtoto wa amali hajafeli, kafaulu darasa la saba kama mwingine yeyote, na yuko sekondari. Masomo ya jumla atafanya mtihani wa NECTA, baraza la mitihani, fani yake atapimwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, atoke na vyeti viwili. Kidato cha tano kiko wazi kwake akifikisha ufaulu, na vyuo vya ufundi viko wazi. Na injinia anapatikana: mwenye NVA (cheti cha ufundi stadi) daraja la tatu na cheti cha kidato cha nne anaingia NTA 4 (ngazi za vyuo vya ufundi), anapanda mpaka 6 ambayo ni diploma, na 8 ni shahada. Njia ni ndefu, lakini nina wanafunzi walioipita.

Sasa swali lenyewe. Mimi nafundisha ufundi mitambo. Mashine za zamani hazikufa. Mashine ya kukereza iliyofungwa miaka ya 60, ukiipa mafuta na mkanda mpya, inazunguka mpaka kesho. Kilichoua karakana ni vitu vinavyokwisha: chuma bapa, nondo, elektrodi za kuchomelea, mbao, gundi, bleidi za msumeno, na bili ya umeme. Mwalimu wa Historia akiwa na chaki na kitabu somo limekamilika. Mwanafunzi wangu mmoja anateketeza pakiti nzima ya elektrodi kabla mkono haujatulia, na wa mwakani lazima anunuliwe nyingine. Tangu elimu bila ada ianze 2016 hatuchangishi, na ruzuku inayonifikia inahesabu kichwa cha mwanafunzi. Anayeshika kalamu na anayeshika elektrodi wanahesabiwa sawa.

Wakubwa wakija kukagua wanauliza mashine zipo ngapi. Bado sijapata anayeuliza chuma kimebaki kiasi gani.

#4 FundiSakiti
Mwl, kwenye vyeti nakuunga mkono. Kwenye sababu napinga.

Umeme nimejifunza mtaani Mbagala, nikibeba ngazi ya kaka mmoja. Mteja hajawahi kuniuliza cheti, anauliza "wewe ndiye uliyefunga kwa mama fulani?" Hapo kazi nimepata. Sasa yule aliyetoka shule ya ufundi na cheti chake anapita mtaa huo huo, hana nyumba ya kuonyesha, hana jina. Anakaa mwaka mzima, anaishia kuuza vocha. Wadogo zake wakimwona hivyo, nani atataka tena kusoma ufundi shuleni? Ndicho kilichoua.

Upande wa pili na mimi nakwama. Nyumba ikikamilika, maombi ya kuunganishiwa umeme yanataka mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, athibitishe kazi. Ukuta nimetindua mimi, bomba nimepitisha mimi, nyaya nimevuta, sakiti breka nimefunga, fimbo ya ethi nimeigongelea mimi. Halafu namtafuta mtu mwenye leseni anigongee mhuri, namlipa, na nyumba hajawahi kuiona. Huo mhuri ukijumlisha kwa mwaka ni pesa ya maana. Dogo wa MamaKihonda akipata cheti mapema na jina mapema, atakuwa na vyote viwili. Mimi ningempeleka.

#5 MamaKihonda
Asante FundiSakiti. Kwa hiyo cheti bila jina hakitoshi, na jina bila cheti linakugharimu. Nimeliandika hilo.

#6 MzeeWaIfunda
Wanangu, mnazungumza kana kwamba ufundi ulikufa shuleni. Ulikufa viwandani kwanza.

Ifunda na Moshi zilianza miaka ya 50 kama shule za ufundi za mkoloni, baada ya uhuru zikawa sekondari za ufundi. Zikafuata Tanga, Mtwara, Bwiru, Iyunga, Musoma. Sisi tulikuwa tunachaguliwa kwa alama nzuri, na anayeingia Ifunda mzazi wake anatembea kifua mbele. Kidato cha nne tulikuwa tunajua pa kwenda: Dar Tech, chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, kwa FTC (cheti cha fundi sanifu) ya miaka mitatu, baadaye Arusha na Mbeya nazo zikafunguliwa, au moja kwa moja kiwandani. Mimi nilikwenda Ubungo, pale UFI, kiwanda cha zana za kilimo, tulipokuwa tunatengeneza majembe. Wenzangu walikwenda Urafiki na Mwatex kwenye nguo, General Tyre kwenye matairi, Reli, Bandari. Likizo wanafunzi walikuja kujifunza kwetu, na msimamizi alikuwa anamjua kila mmoja kwa jina na kwa shule.

Baada ya 1986 soko likafunguliwa, jembe la nje likaja kwa bei ambayo sisi hatukuweza. Miaka ya 90 mashirika yakabinafsishwa au kufungwa. Mwanafunzi wa kukereza vyuma utampeleka wapi akakereze? Mwalimu Mkuu anayeona wahitimu wake wa mitambo wako nyumbani, na wa masomo ya sanaa wamepata ualimu, ataweka nguvu wapi? Karakana ilifungwa kwa sababu upande wa pili wa mlango hapakuwa na mtu wa kuwapokea.

#7 Ngosha77
Shikamoo mzee. Kwa hiyo unakubali kwamba hakuna ajira. Ndicho nilichosema pale juu.

#8 MzeeWaIfunda
Marahaba. Ulichosema juu ni kwamba amali ni ya waliofeli. Usihame na kiti.

#9 DadaCherehani
😂😂 Mzee kamshika.

Mimi nitasema ya ushonaji kwa sababu wanaume humu mkiwaza ufundi mnawaza chuma tu. Nilisoma sekondari yenye somo la ushonaji. Vyerehani vilikuwepo sita vya miguu, vinavyofanya kazi vitatu, na darasa lilikuwa watu zaidi ya arobaini. Mwalimu alikuwa hodari kweli. Lakini kipindi cha dakika themanini, foleni ya cherehani, ukifika unashona mstari mmoja wa pindo unapisha. Kola nimeijua nilipotoka shule, kwa mama mmoja Manzese aliyenikalisha kwenye cherehani yake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Miezi michache pale imenipa zaidi ya miaka yote ya darasani.

Mzee wa Ifunda, kwetu sisi jembe la nje halikutuhusu. Kwetu ni mitumba. Ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 80, gauni la mtoto likawa linapatikana mnadani kwa bei ya uzi na zipu. Waliobaki hai ni washonaji wa sare za shule, vitenge na harusi. Mtaala unaomfundisha binti kushona shati la kawaida unamfundisha kushindana na mtumba, na hawezi. Mfundisheni kukata mshono wa mwili wa mteja. Mfundisheni overoki, mfundisheni kuweka bei.

#10 NjoroNakuru
Hamjambo majirani. Sisi tulipitia hii kabla yenu na naona mnaelekea palepale.

8-4-4, mfumo wetu wa elimu Kenya, ilipoanza mwaka 1985 ilikuja na useremala, sanaa na ufundi, sayansi kimu, kilimo, muziki. Wazazi wakachanga kwa harambee kujenga karakana hata vijijini. Kisha likaja swali la KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Huwezi kuwapima watoto wa nchi nzima kwa kutazama mikono yao, kwa hivyo wakapimwa kwa karatasi ya kuchagua A, B, C au D. Basi kila shule ikafundisha karatasi. Mimi nilijua majina ya misumeno yote na kazi ya kila mmoja, na sikuwa nimeshika hata mmoja. Marekebisho ya 2002 yakayaondoa masomo yale kwenye mtihani, na siku ile ile yakaondoka darasani.

Kwa hivyo MamaKihonda, mimi nasema ni mtihani. Sasa kwetu Gredi ya 10 imeanza Januari 2026 kwa njia tatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Swali langu kwa walimu wetu ni hilo hilo: mwisho wa safari mtoto atapimwa kwa kalamu au kwa kazi?

#11 HesabuKwanza
Mnalaumu vifaa, viwanda, mitumba, mtihani. Hakuna anayetaka kusema lililo wazi: ufundi wetu uliuawa na hesabu na lugha.

Mfano mmoja. Hita ya bafuni ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 24. Gawanya tu. Fundi asiyejua kugawa anaichukulia umeme kwenye waya mwembamba wa 1.5 wa taa, kwa sababu ndio ulio karibu. Waya unachemka ndani ya ukuta, siku moja nyumba inaungua, watu wanasema hitilafu ya umeme. Nimefundisha vijana waliotoka kidato cha nne na daraja la nne, pointi thelathini na kitu, Hisabati F. Mikono mizuri, lakini ukimpa mchoro wa saketi hausomi, na maelezo ya kifaa yako kwa Kiingereza. Unatumia muhula wa kwanza wote kufundisha sehemu na desimali.

Tukiwapeleka kwenye amali watoto dhaifu wa hesabu, ufundi utakufa tena hata mlete karakana ya Ulaya.

#12 FundiSakiti
HesabuKwanza, hita kwenye waya wa 1.5 nimeikuta, na aliyefunga alikuwa na diploma. Usitusingizie sisi wa mtaani peke yetu.

#13 HesabuKwanza
Sijasema wa mtaani. Nimesema asiyejua kugawa, popote alipo.

#14 BintiMtambwe
Assalaam alaykum. Huku Zanzibar mafunzo ya amali tunayo zamani, kuna Mamlaka yake kabisa, na vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Vitongoji na vyengine, hata kwetu Daya Mtambwe, Pemba, kimejengwa. Kwa hiyo naangalia mjadala huu kwa jicho jengine.

Nilichokiona skuli na vituoni ni kuwa fani zinagawiwa bila kuangalia mtu anaishi wapi. Kijana wa Paje, Unguja, akisoma upishi na huduma za hoteli, hoteli ziko mlangoni kwake, anakwenda kwa miguu. Wa Pemba akisoma hayo hayo ni lazima avuke bahari akatafute chumba cha kukodi Unguja, na mshahara wa mwanzo unakwisha kwenye kodi na nauli. Kwetu kuna bahari, kuna karafuu, kuna mwani unaouzwa mkavu kwa bei ndogo sana. Nani kafundishwa kuusaga na kuufanya sabuni? Akina mama wachache kupitia miradi. Nani kafundishwa kutengeneza injini ya boti? Hao mafundi wanahesabika, na mvuvi injini ikimharibikia anakaa pwani wiki nzima anasubiri.

Mimi ningeuliza shule ya mtoto wako iko wapi na pembeni yake pana kazi gani.

#15 MamaKihonda
Waalaykumu salaam dada. Iko Morogoro, si mbali na mjini. Nyumba zinajengwa kila upande, nadhani umeme una soko.

Ila naona kila mmoja ana muuaji wake. Vifaa, jina, viwanda, mitumba, mtihani, hesabu, mahali. Nilitegemea jibu moja, nimepata saba.

#16 KisikiKigumu
Ongeza la nane.

Nani kati yenu hajawahi kung'olishwa kisiki kwa adhabu? Ukichelewa namba, unalima. Ukiongea Kiswahili kwenye shule ya Kiingereza, unafyeka. Ukifeli jaribio, unabeba matofali. Elimu ya Kujitegemea ilitaka tuipende kazi ya mikono, lakini shuleni kazi ya mikono ilikuwa ndiyo fimbo. Aliyefanya vizuri alizawadiwa kwa kuachwa darasani asome. Miaka saba ya msingi na minne ya sekondari nimefundishwa kwamba jembe ni la mkosaji. Baba wa huyo mtoto amepita huko huko, kama mimi. Hana ubaya, hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Siku hizi nafuga kuku na nalima nyanya, na ndiyo inayolipa ada za wanangu. Ilinichukua muda mrefu kuacha kuona aibu kukutana na niliosoma nao nikiwa na gambuti.

#17 DadaCherehani
Kisiki umenigusa. Kwetu wasichana waliochelewa walipelekwa jikoni kuosha masufuria ya shule. Halafu kesho yake somo la sayansikimu, unaambiwa upende jiko.

#18 Ngosha77
Hili la kisiki nakubali asilimia mia. Lakini bado nasema, mtoto wa mkubwa hutamkuta kwenye amali. Siku nikimwona nitaamini.

#19 MsafiriHamburg
Wadau, nawasoma kutoka Hamburg, niko kwenye mafunzo ya fundi umeme, miaka mitatu na nusu. Hapa kitu cha kwanza ilikuwa mkataba na kampuni, shule ikafuata. Siku moja au mbili za wiki niko darasani, zilizobaki niko kazini na bwana mkubwa wangu, na posho inaingia kila mwezi tangu mwezi wa kwanza. Mtihani wa mwisho unasimamiwa na chemba ya mafundi wenyewe. Anayenipima ni fundi.

Chemba hiyo ya Hamburg iliwahi kushirikiana na VETA kuanzisha uanagenzi wa namna hii nyumbani, kwa hiyo si kitu kigeni kwetu. Kinachokosekana ni mwajiri mwenye wajibu. Mkimjengea mtoto karakana bila mwajiri anayemsubiri, mzee wa Ifunda ameshawaeleza kitakachotokea.

#20 FundiSakiti
Mkuu, kampuni huko ina watu wangapi? Huku mwajiri ni mimi. Nina ngazi, begi na vijana wawili. Nikimchukua mwanafunzi nimlipe posho ya kila mwezi, mwezi usio na kazi namlipa na nini? Na akijua kazi, keshokutwa anachukua wateja wangu. Sisemi siwezi kumfundisha, nimefundisha wengi. Nasema mfumo wenu umejengwa juu ya kampuni, wetu uko juu ya mtu mmoja mmoja.

#21 MsafiriHamburg
Kampuni yetu tuko tisa tu. Lakini hoja yako ya mwezi usio na kazi ni ya kweli, sina jibu lake.

#22 MamaKihonda
Nimewasoma wote. Naomba sasa la vitendo. Jumatatu naenda kuiona hiyo shule kabla sijaamua. Niangalie nini? Mwl Karakana?

#23 MwlKarakana
Mama, majengo usiyaangalie sana. Omba upelekwe karakana wakati kuna kipindi, siyo wakati wa mapumziko.

Nikwambie ninavyoanza mimi na kidato cha kwanza. Kila mtoto nampa kipande cha chuma bapa, jiliwa (kibano cha mezani) na tupa. Kazi yake ni kukifanya kipande kile kiwe na pembe sawasawa pande zote. Basi. Ataisukuma tupa kwa mikono miwili, mbele anakandamiza, nyuma anaachia, miguu imepangwa. Akidhani amemaliza anaweka skwea, kipimo cha pembe, juu ya chuma, ananyanyua kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya kati ya skwea na chuma, hata kama uzi, anarudi kwenye jiliwa. Wiki ya kwanza wanalalamika viganja. Wiki ya tatu unawaona wanainua chuma dirishani wenyewe bila kuambiwa, wanabishana wao kwa wao kama mwanga unapita au haupiti. Hapo najua nina mafundi. Umeme nao una mambo yake ya namna hiyo: ubao wa mazoezi, mtoto anafunga taa moja na swichi mbili za ngazini, anafungua, anafunga tena.

Kwa hiyo Jumatatu tazama viganja vya watoto. Tazama pipa la taka la karakana kama lina vipande vya nyaya na vumbi la chuma. Pipa likiwa tupu, kuna tatizo. Muulize mwalimu wa fani alifanya kazi wapi kabla ya kufundisha, na kitabu cha stoo umwombe akuonyeshe nyaya zilizoingia mwaka huu. Mwalimu mzuri hatakasirika, atafurahi kuona mzazi anauliza.

#24 MzeeWaIfunda
Mwalimu, umenirudisha mbali. Tulikuwa na mwalimu anayesikiliza tupa akiwa amegeuka ubaoni, anasema "wewe wa tatu, unaikandamiza ikirudi." Na ni kweli.

Mama, jambo jingine dogo lakini linapoteza watu: mkikutana na vyeti vya zamani vya majaribio ya ufundi, daraja la III lilikuwa la chini na la I la juu. NVA ya sasa inakwenda kinyume, la 1 ni la kuanzia na la 3 ni la juu. Nimeona mwajiri akimdharau fundi mwenye daraja la I la zamani akidhani ni mwanafunzi.

#25 FundiSakiti
Duh, hilo sikulijua. Nina mzee mmoja jirani ana daraja la I la umeme, tulikuwa tunamwona wa kawaida. Kesho naenda kumsalimia kwa heshima zote.

Mama, testa usinunue ile ya buku ya barabarani. Nunua yenye mpini uliofunikwa vizuri, na koleo lenye alama ya volti 1000. Hiyo ndiyo itakayomlinda.

#26 HesabuKwanza
Na mnunulie kikokotoo, ila mfundishe kwanza bila kikokotoo.

Halafu mkumbuke linalokuja. Kwa mpango wa sera mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita, hivyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, Januari 2028 wanaingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Tukiwa na vyerehani vitatu vizima na jiliwa za kugombania, hilo kundi litashika nini?

#27 NjoroNakuru
HesabuKwanza hilo ndilo lilitukuta na sisi, watoto wengi kuliko vifaa. Mtarudi kwenye karatasi ya A, B, C, D, nawaambia.

#28 BabaWaKihonda
Nimejiunga leo. Mimi ndiye baba mnayemjadili tangu jana.

Kwanza, sidharau ufundi. Baba yangu alikuwa seremala na ndiye aliyenisomesha. Kisiki umesema tulivyolelewa, kwangu haikuwa hivyo. Ninachopinga ni umri. Mtoto ana miaka 13. Mimi kwenye umri huo nilitaka kuwa rubani, mwaka uliofuata nilitaka kuwa padri. Leo anapenda umeme kwa sababu alimwona fundi akitengeneza feni ya kwetu. Akiingia kwenye fani sasa, Kemia na Baiolojia zinabaki nyuma, na akifika kidato cha tatu akasema anataka udaktari, nitamwambia nini? Wenye uwezo wanawaacha watoto wao wachague wakiwa wakubwa. Kwa nini wa kwangu achague sasa?

Mwl Karakana, nimekusoma na nakuheshimu. Nijibu hili tu: akibadili mawazo, anatoka vipi?

#29 MamaKihonda
Kumbe unasoma 😂 Chakula kiko mezani.

#30 MwlKarakana
Karibu sana baba. Swali lako ni la haki na katika kurasa zote hizi hakuna aliyeligusa.

Kwa ninachokifanya mimi: wiki za mwanzo za kidato cha kwanza nawapitisha watoto kwenye fani zote zilizopo shuleni, na nimeshawahi kuwahamisha waliotoka mitambo kwenda ujenzi bila shida. Kuhama mkondo mzima inawezekana mapema, akiwa hajaachwa sana na masomo ya wenzake. Kila muhula unaopita inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu lazima ayafidie masomo ambayo hakuyasoma. Udaktari unataka Kemia na Baiolojia, hapo sikufichi, umeme hautampeleka huko. Mnapokwenda Jumatatu, nendeni wote wawili, muulize mkuu wa shule mwisho wa kuhama ni lini na akuandikie.

#31 Ngosha77
Baba, nimekuunga mkono tangu mwanzo. Ila hilo la kitabu cha stoo na pipa la taka naomba mtuletee majibu Jumatatu jioni. Nina mdogo wangu darasa la saba mwaka huu.